Kofia Aliyoishona Baba Yako

Mwanangu Salma,

Salamu utazipata kwa mdomo ukirudi, kwa hiyo hapa sitazirefusha. Umetoka baada ya sala ya alasiri kwenda kuwaaga shangazi zako Ng'ambo, nami nawajua wale. Hawatakuachilia mpaka umekula kwa kila mmoja na umelia kwa kila mmoja. Nina muda basi. Sanduku lako limefungwa, kibali chako cha kusafiri kimo ndani ya mkoba, na meli inaondoka kesho asubuhi. Mambo ya kula, kuvaa na kuweka nguo za baridi sitayaandika. Una miaka kumi na minane. Kama mpaka leo hujui kuanika nguo ndani nje, barua haitakufundisha.

Naandika kwa sababu kuna jambo nimejaribu kukwambia kwa mdomo mara tatu, na mara tatu nimelimeza. Mara ya mwisho ilikuwa juzi, tulipokaa kuchagua mchele. Ulinitazama ukasema, "Mama, una nini?" Nikakujibu kuwa moshi umeniingia machoni. Jiko lilikuwa halijawashwa, na wewe uliliona, ukainamisha kichwa ukaendelea kutoa chuya. Ndiyo tabia yako hiyo, hunikatalii uongo wangu.

Unakwenda Dar es Salaam kusomea uuguzi wa watu wenye maradhi ya akili. Watu wameniuliza imekuwaje msichana aliyefaulu vizuri achague kazi ya namna ile, nami nimewajibu kuwa ni huruma zako. Huruma unazo, sikatai. Lakini mimi na wewe tunajua kuwa unakwenda kwa sababu ya baba yako. Na ninachokiogopa mimi ni kwamba unakwenda kufuta kosa ambalo hukulifanya. Kosa lile ni langu, Salma. Nimekuachia ulibebe tangu ulipokuwa na miaka kumi na miwili, na nilijua kuwa unalibeba. Sasa nitalieleza tangu mwanzo wake, kwa kuwa mengine yalitokea ukiwa mdogo, na mengine niliyaficha.

Baba yako unamkumbuka akiwa mgonjwa zaidi ya unavyomkumbuka akiwa mzima. Hilo peke yake hunitia uchungu. Alikuwa fundi saa pale Mlandege, na meza yake ilikuwa na upana wa sinia la pilau. Alikuwa akishika vigurudumu vidogo kuliko punje ya mtama na havimtoki. Jioni akirudi jicho lake moja lina alama ya duara, kwa ile lenzi aliyokuwa akiibana siku nzima, nami nikimcheka. Naye alikuwa akinicheka mimi kwa kushona kofia. "Bi Zuwena," akisema, "hii kofia yako itasimama yenyewe bila kichwa." Maana unajua mkono wangu mimi. Tangu nina miaka kumi na tano watu wa mtaa huu wakiona kofia msikitini wanasema hii ya Zuwena, bila kuambiwa. Hata bibi yako, mama yake baba yako, aliyekuwa mshonaji mkubwa kuliko mimi, alinichagua kwa kuigeuza kofia yangu na kutazama mafundo ya ndani. Uso wangu aliutazama baadaye.

Ukaja mwaka ule wa Mapinduzi. Ami yako Khalfan, kaka yake baba, alitoka nyumbani siku moja na hakurudi. Hatukujua kama yu hai, na kama amekufa hatukujua alikozikwa. Hayo yanatosha, zaidi sitaandika.

Baada ya miezi michache baba yako akaanza kuzifungua saa za watu na kutozifunga tena. Alisema zinamtaja Khalfan. Mwanzo nilicheka, kwa kuwa nilizoea utani wake nikadhani ananitania. Siku nilipofahamu kuwa hatanii nilikwenda Mlandege na kitambaa cha kichwani, nikakusanya vipande vyote mezani, nikafunga mlango wa duka. Nyumbani nikamweka chumba cha ndani nikawaambia majirani ana homa. Homa ya miezi mitano! Walikuwa wakija na bakuli la uji, macho yao yakipita begani kwangu kuchungulia. Nikamnywesha makombe ya aya zilizoandikwa kwa zafarani mpaka meno yake yakawa ya manjano. Nikaita mganga, akaja wa pili, akaja wa tatu. Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua, nami msemo huo nilikuwa nikiwaambia wenzangu tangu ujana wangu.

Lakini kumficha hakukuwa kosa langu kubwa kwake katika siku zile. Nilimpenda vibaya. Sisi tunasema mgonjwa haulizwi uji, na mimi sikumuuliza kitu. Nilimkosha mwili, nilimfunga vifungo vya shati, nilimlisha kwa kijiko. Akinyoosha mkono kuchukua kikombe nilikiwahi nikamtia mdomoni. Nilidhani ndiyo mapenzi, na watu walinisifu kuwa Zuwena ni mke. Kabla ya mwaka kwisha, yule mtu wa vigurudumu vidogo alikuwa akikaa tangu asubuhi mpaka magharibi mikono ameilaza magotini, na inzi akitua usoni hamfukuzi.

Mjomba wako Hamadi ndiye aliyesema basi, twende hospitali. Nilimchukia kwa hilo, na leo namwombea kila ninaposali. Nilikuwa nikienda kumtazama baba yako kila Ijumaa na Jumatatu na chakula changu cha kumlisha. Siku moja akanisimamisha mtu mmoja mfupi, mfanyakazi wa pale, mtu wa kusini shamba, jina lake Bwana Makame. Hakuwa daktari wala muuguzi. Yeye alikuwa msimamizi wa chumba walichokiita chumba cha kazi.

"Bi Zuwena," akasema, "huyu bwana ana mikono."

"Nnaiona."

"Mbona basi wamlisha?"

"Mgonjwa huyu."

"Nnajua kuwa mgonjwa. Mie nnauliza mikono."

Nilimtukana moyoni njia nzima mpaka nyumbani. Lakini Jumatatu iliyofuata nilimpa baba yako sahani nikakaa kitako nikajizuia. Alikula matonge manne. Mengi yalimwagika kifuani. Yale manne yalinishinda, nikatoka nje nikalia.

Nilizoea baadaye kuingia katika kile chumba cha kazi, na nataka ukione kama nilivyokiona, kwa kuwa kinahusu safari yako. Nilitazamia kitu kama jela, watu wamepangwa na wanaamrishwa. Nikakuta mmoja anasokota kamba za makumbi, mmoja anasuka ukili wa mkeka, mwengine kazi yake ni kuchemsha kahawa ya wenzake na kuosha vikombe, basi. Na Bwana Makame mwenyewe kakaa chini katikati yao anasuka pakacha lake. Alikuwa haanzi kwa kumpa mtu kazi. Kwanza alikuwa akiuliza mikono hii ilizoea nini, akiuliza nyumbani, akimuuliza mgonjwa mwenyewe, na jibu lisipokuja alikuwa akingoja.

Kwa baba yako alianza kwa kukosea. Alimletea saa mbovu ya ukutani. Baba yako alitetemeka mpaka mkeka ukatetemeka, jasho likamtoka. Bwana Makame akavua shuka lake akaifunika ile saa, akasema mbele ya wote, "Nshakosea hapo. Nisamehe, bwana." Sijawahi kumsikia mtu mzima akimwomba radhi mwendawazimu. Basi wakakaa wiki mbili bila ya kazi yoyote, baba yako amekaa tu, Bwana Makame pembeni na pakacha lake. Mpaka siku moja baba yako akaokota chini kipande cha kitambaa cheupe cha bafta, akakikunja mara mbili kama mama yake alivyokuwa akikunja, akakishika.

Wakampa sindano na uzi. Siku ya kwanza alitoboa kitobwe kimoja, akakizungushia uzi, akaiweka sindano chini amechoka kama aliyebeba gunia la karafuu. Nilitaka kusema ongeza kimoja, ulimi ulikuwa unaniwasha. Bwana Makame akamwambia, "Leo basi. Kesho kipo kimoja chakungoja." Na kesho yake, mwanangu, baba yako aliamka kabla hajaamshwa.

Hapo nilianza kuona mambo ambayo sikuyatarajia. Alidai maji ya kunawa, kwa kuwa mikono michafu inatia bafta alama. Akahama ukutani akasogea dirishani apate mwangaza. Uzi ulipokwisha alitembea na Bwana Makame mpaka dukani kuuchagua, na mtu wa kwanza kuzungumza naye baada ya mwaka na nusu alikuwa muuza uzi. Alimwambia, "Huu mnene." Maneno mawili. Bwana Makame alipokuja kunihadithia alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. Dawa alikuwa anapewa pia, na sindano za daktari, sizikatai; zilimtuliza zile sauti, ingawa zilimtetemesha mikono. Lakini kutulia hakutoshi, mtu anataka na sababu ya kuvaa shati asubuhi. Hilo sikulisoma popote, nililiona kwa macho.

Siku waliponiruhusu nimrudishe nyumbani, Bwana Makame alinivuta pembeni.

"Nakwambia kitu kimoja tu, Bi Zuwena. Akishona kombo, iwache kombo yake."

Nikacheka. "Mie nimefundisha watoto wa watu, nitashindwa kumfundisha mume wangu?"

"Usimfundishe. Kaa naye. Na wewe ushone yako."

"Haya."

"Nimesema usimfundishe."

"Nshasikia, bwana!"

Unayakumbuka yaliyofuata, au nadhani unayakumbuka, kwa kuwa ndiyo miezi mizuri tuliyokuwa nayo sisi watatu. Alikuwa akikaa ukumbini baada ya chai, na wewe kazi yako ilikuwa kumtungia uzi katika sindano kwa vile mikono yake ilikuwa haitulii. Alikuwa akihesabu vitobwe kwa sauti na wewe ukimkosesha kusudi, akisema kumi na tisa wewe unasema thalathini, na nilikuwa nakusikieni mnacheka nikiwa jikoni. Akaanza kufika mlangoni, kisha kibarazani. Akatoka peke yake siku moja kununua mkate, akarudi na mkate. Ilipoingia Ramadhani aliniambia, "Zuwena, kofia hii nitaivaa Idi." Maana yake, mwanangu, kwamba atakwenda kusali na wanaume wenzake, mbele ya mtaa mzima, baada ya miaka mitatu.

Sasa nakuja pale.

Kofia yenyewe ilikuwa mbaya, niseme kweli. Safu zilianza vizuri zikateremka, vitobwe vingine vidogo vingine vimepasuka, na lile ua la ubavuni halikufanana na ua lolote lililoumbwa. Nikawa naitazama na roho inaniuma. Unajua kwetu mume hatoki Idi na kofia mbaya, kwa kuwa kofia ya mume ni uso wa mkewe. Na mke mwenyewe ni mimi. Niliwaza wataitazama safu kwa safu, watasema mke fundi, mume wazimu, tazameni kichwa chake. Nikajiambia namsitiri. Lakini leo nikijiuliza ni nani niliyekuwa nikimsitiri, najua jibu na silipendi.

Lilikuwa kumi la mwisho la Ramadhani. Baada ya sala ya adhuhuri alikuwa akilala, na wewe uko chuoni unasoma Kurani. Siku tatu mfululizo niliichukua kofia ile nikafumua safu nne nikazishona upya. Na uone ujinga wangu: nilijitahidi kuzishona vibaya kidogo, zifanane na mkono wake. Sikuweza. Kila kitobwe kilitoka sawa na mwenzake. Safu ya mwisho, ile ya juu, aliimalizia mwenyewe usiku wa kuamkia Idi bila kutazama sana kwa uchovu, akaifunga kofia ndani ya leso. Nikashukuru Mungu kuwa hakuona.

Asubuhi ya Idi ulimletea sinia lenye kanzu iliyofukizwa udi, na kofia juu yake. Ulikuwa na gauni la maua na hina mikononi. Shangazi zako wawili walikuwa ukumbini. Baba yako akavaa kanzu. Akaichukua kofia, akakizungusha kidole gumba juu ya vitobwe taratibu, kama alivyozoea. Kidole kikasimama. Na wewe, umesimama mbele yake na umefurahi, ukasema, "Baba! Umeshona kama Mama!"

Salma, nisikilize vizuri hapa. Kidole chake kilisimama kabla hujafungua mdomo. Nilikuwa nakitazama kidole kile, sikuwa natazama kitu kingine. Alikwishajua. Kisha akanitazama mimi, juu ya kichwa chako, na wewe hukuona kwa kuwa ulikuwa umenipa mgongo. Akasema kwa upole, "Kweli mwanangu. Mama yako fundi." Akaiweka kofia juu ya sinia lile lile, akavua kanzu akaikunja, akaingia ndani akalala na uso wake ukutani. Takbira zilikuwa zinasikika kutoka msikitini.

Wewe ukaja kunishika kanga. "Mama, nimesema vibaya?"

Shangazi zako wananitazama. Wanajua kushona, wakiigeuza tu kofia ile wataona. Nikakwambia, "Ndiyo. Mtoto hasemisemi mbele ya mgonjwa. Ushamvunja moyo baba yako."

Nimeyaandika maneno hayo kama nilivyoyasema, sikupunguza. Yalichukua muda mfupi kuliko kumeza mate. Nilidhani nitakuja kuyatengeneza jioni, ukishatulia na wageni wakishatoka. Jioni ulikuwa umelala. Kesho yake niliona aibu. Baada ya hapo kila siku iliyopita ilifanya iwe vigumu zaidi, mpaka ikawa kama jambo lililokwisha.

Hakushika sindano tena. Bwana Makame alipopata habari alikuja nyumbani, nami hata kwake nilisema mtoto kasema neno. Akaiomba kofia. Akaigeuza, akatazama mafundo ya ndani muda mrefu.

"Mafundo haya ya nani?"

"Sijui," nikasema.

Akanirudishia. "Huyu alikuwa na kitu kimoja chake, Bi Zuwena." Akavaa viatu akaenda zake.

Baba yako alirejea hospitali baada ya miezi miwili, mikono magotini, na masika yaliyofuata kifua kikamchukua. Sisemi kuwa angelipona kabisa kama nisingeigusa kofia. Sijui. Labda zile sauti zingerudi hata hivyo, wengi huwarudia. Lakini angekwenda Idi ile moja. Angekwenda na kofia kombo kichwani, watu wangetazama, wengine wangecheka, na yeye angesali akarudi nyumbani akala biriani. Hilo ninalijua, na ndilo nililomnyima.

Na wewe ndiyo ukanyamaza. Ulikuwa mtoto wa kupiga makelele, Salma, umesahau? Ulikuwa unasutana na wauza maembe. Baada ya Idi ile ukaanza kuyapima maneno yako kabla ya kuyasema, na mengi ukayarudisha. Mazikoni ulilia bila sauti. Watu wakaniambia nina binti mtulivu, mwenye haya, nimemlea vizuri. Nami nilikuwa nikipokea sifa hizo, nikisema alhamdulillahi, na najua utulivu ule umetoka wapi.

Unadhani nilikwenda kufanya kazi upande wa wanawake pale hospitali kwa sababu ya kupata riziki tu. Riziki ilikuwamo. Lakini Bwana Makame ndiye aliyeniita, mwaka baada ya mazishi, akasema wanawake hawana mtu wa kushona nao. Nikamuuliza, "Na ile kofia?" Akasema, "Kwa ajili ya ile kofia nnakuita. Wewe hutarudia." Mwanzo nilikuwa nakalia mikono yangu, kweli kabisa, naiweka chini ya mapaja. Palikuwa na mama mmoja, Bi Tatu, aliyesuka ukili wake mara mpana mara mwembamba mpaka mkeka ukawa na kiuno. Siku alipoumaliza aliulalia palepale sakafuni, akakataa kuinuka mpaka jua linatua, na alipoulizwa akasema, "Wangu." Miaka miwili alikuwa hajasema. Nilikwenda nyuma ya jengo nikamlilia baba yako kwa mara ya kwanza kama inavyostahiki.

Utafundishwa mengi huko na watu waliosoma, na yatakuwa bora kuliko yangu. Mimi nakuogopea kitu kimoja tu, kwamba una mikono yangu. Nimekuona ukiwafungia vifungo watoto wa jirani wanaojua kufunga. Utakuwa na haraka, na mgonjwa wako atakuwa anahangaika na shati alilolivaa nyuma mbele, na ndugu zake wako mlangoni wanatazama. Hapo utaona aibu, na aibu ile itakuwa yako wewe, haitakuwa yake. Mimi sikuweza kuzitofautisha. Ikikutokea na wewe ukakosea, mwombe radhi siku ile ile, mbele ya wale wale waliokuona.

Maana mimi sikufanya hivyo. Ndiyo haja ya barua hii, na nairudia ili isibaki na shaka: hukumvunja moyo baba yako. Ulimwambia neno zuri asubuhi ya Idi, ukiwa umempenda, na alikujibu kwa upendo kwa kuwa hakuwa na ugomvi na wewe. Ni mimi niliyeifumua kazi yake. Ni mimi niliyekutwisha lawama yangu mbele ya shangazi zako, nikakuacha uende nayo miaka sita. Ukitaka kuendelea na safari, nenda kwa kuwa unaipenda kazi. Na ukiona kuwa ulikuwa unakwenda kwa ajili ya kosa lile tu, basi usiende, sanduku tutalifungua, nami nitawajibu watu.

Nilikuwa nimekusudia kuitia barua hii chini ya nguo zako, uikute ukishafika. Ningepata kulala usiku huu, na wewe ungelia peke yako katika mji wa watu. Hapana. Utaisoma hapa ukumbini nami nimekaa mbele yako. Shangazi zako nitawatumia ujumbe waje kesho alfajiri kukusindikiza, na kabla hatujatoka watasikia kutoka kinywani mwangu. Usiwe na haraka ya kunisamehe. Ukiwa na neno baya la kuniambia, liseme kwa sauti, na majirani wasikie. Nimekunyamazisha vya kutosha.

Hodi yako hiyo naisikia mlangoni. Nakuja kukufungulia, na karatasi hizi ziko mkononi.

Mama yako,
Zuwena